Mke Mwenza wa Chuma

Pikapu ile ilikuwa ya zamani kuliko ndoa yao, ndiyo maana majirani walimtania yule mama kwamba yeye ni mke wa pili. Hakuchukia. Kila asubuhi kabla ya kupanda aliigonga bodi kwa kiganja na kusema, "Shikamoo, mke mwenzangu," na mumewe akacheka mpaka mabega yakatikisika. Mlango wa upande wake ulifungwa kwa kamba, na kioo kilipandishwa kwa kusukumwa na viganja. Lakini gari hilo ndilo lililosomesha watoto.

Mwaka huu mzee alimwomba aiache cherehani yake, wawe wanafuatana kupeleka milango na makabati ya seremala. "Nataka mtu wa kuongea naye njiani," alisema. Ajabu, njiani hakuongea. Alimtupia jicho tu: barabara, mke, barabara, mke, kama kijana anayechumbia. Mama akaona haya, akawa anajiweka vizuri kitambaa chake cha kichwani.

Siku hiyo walibeba kabati zito. Walipovuka daraja, mama akasikia kitu chini ya miguu yake. Ko, ko, ko. Akamtazama mumewe. Mzee anapiga mluzi, hana habari.

Mtu huyu zamani akisikia msumari umelegea kwenye bodi alisimama. Siku hizi ukimwita kwa nyuma haitiki. Mama alikwisha kuelewa kitambo, akanyamaza. Atamwambiaje mwanamume kwamba masikio yake yamekwisha? Watoto wangemnyang'anya ufunguo siku hiyo hiyo, naye angebaki kukaa barazani kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Basi kila aliposikia mlio alitabasamu ili mzee asiingiwe na hofu, na moyoni akaomba.

Akaomba na leo. "Ee Mungu, lishike wewe gurudumu hili, mimi mdomo wangu hauna nguvu." Na tabasamu lake palepale. Mzee akamtupia jicho, akakanyaga mafuta.

Mbele ulikuwa mteremko, na chini ya mteremko ilikuwa shule. Watoto walikuwa wanavuka na mabegi mgongoni. Ko, ko ikawa go, go, go.

Mama akamkamata mkono. "Baba, simama! Simama hapa hapa!"

Gari likasimama, kabati likajigonga nyuma. "Kuna nini?"

"Gurudumu linagonga! Tangu darajani!"

Mzee akashuka. Lilikuwa gurudumu la mbele, lile walilobadilisha jana baada ya pancha. Nati moja haipo, zilizobaki zilizunguka kwa vidole vitupu. Akarudi dirishani kwa mkewe.

"Tangu darajani, nawe unatabasamu?"

"Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Mama wee! Mimi naendesha kwa uso wako!" Akaegemea mlango. "Sisikii vizuri, mke wangu. Tangu mwaka jana. Kwa nini nilikutoa kwenye cherehani? Ukikunja uso nasimama, ukitulia nakwenda. Nami nikawa nafurahi, nasema mke mwenzako kapona, siku hizi hata kukohoa hakohoi!"

Mama alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Upole wake wote ule, kumbe karibu uwaue, wao na watoto wa watu.

Mzee alipomaliza kukaza nati kwa spana, mama akamwinamia sikioni. "Tukishusha kabati, tunapitia hospitali ukapimwe masikio. La sivyo mimi sipandi tena, mbaki wawili, wewe na mke mwenzangu."

Mzee akautazama uso ule. Safari hii ulikuwa umekunjwa sawasawa. "Kumbe unajua kukunja," akasema, akapanda.

Waliushuka mteremko polepole, mkono wa mama juu ya goti la mumewe. Katikati akasikia kriki, kriki, akalifinya goti kwa nguvu zake zote. Mzee akasimama, akashuka, akazunguka gari zima.

Ulikuwa ufunguo wa kabati, unacheza kwenye kitasa chake.

"Si kitu," mzee akasema, akiutia mfukoni. "Finya tu."