Kadi Kumi na Mbili Ndani ya Buti

Sokoni walimwita Mama Soli kwa sababu hakununua kiatu cha mtumba kabla hajakikunja, akakinusa ndani, akakigeuza kutafuta gundi mpya. Kilichopakwa rangi sana, alikuwa akisema, kina ufa. Na kiatu ukikipenda usimwonyeshe muuzaji: kishike kama umeshika panya aliyekufa, bei itashuka yenyewe.

Kwa hiyo watu wa bima ya kazini kwa mumewe walipopiga simu kwamba mkaguzi atakuja kumwona mtoto kabla hawajaongeza vipindi vya tiba, machale yakamcheza.

"Wanakuja kumwona, au wanakuja kutafuta sababu?" alimuuliza fundi viatu, jirani yake wa kibanda.

"Sababu, dada. Mtoto wa shemeji yangu alijifunza kuvaa shati mwenyewe, wakaandika kapata nafuu. Tiba ikakatwa palepale."

Binti yake alikuwa na miaka sita na usonji. Wachuuzi wenzake Mama Soli walimwita mtoto Bosi, maana salamu hajibu na akikutazama ni kama anakupunguza mshahara. Hakuwa akisema neno. Lakini miezi sita ya tiba ya tabia, mara mbili kwa wiki, ilikuwa imemfundisha kumpa mtu kadi yenye picha ya anachotaka: maji, choo, kelele zimezidi. Kabla ya hapo alikuwa akijing'ata mkono hadi damu. Bima ikijitoa, mwalimu wa tiba naye haji tena, na Mama Soli hakuwa na ubavu wa kumlipa.

Asubuhi ya ukaguzi alizitungua kadi zote kumi na mbili kwenye msumari wake ukutani, akazisokomeza ndani ya buti la mvua, na buti akalisukumia nyuma ya gunia. Wakimkuta hoi, watampa. Hesabu ilikuwa hiyo.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo. Mama Soli alianza na viatu vyake: ngozi halisi, visigino vimebadilishwa mara mbili. Mtu wa kubana huyu, akajisemea.

"Mtoto akitaka kitu anaombaje, mama?"

"Haombi, kaka. Huyu hajui kitu, ndiyo kama unavyomwona."

"Hata baada ya miezi sita?"

"Hata."

Mkaguzi akaandika, fomu kaikinga kwa kiwiko kama mwanafunzi mchoyo. Mama Soli alivuta shingo, hakuambulia herufi.

Ndipo Bosi akatoka chumbani, akaenda moja kwa moja kwenye msumari. Mtupu. Akaupapasa ukuta, akachungulia chini ya stuli, akarudi msumarini. Sauti nyembamba ikaanza kumtoka, na mkono ukapanda mdomoni.

Vumilia, Mama Soli alijiambia. Kalamu inaandika.

Meno yalipozama, miguu yake haikungoja hesabu. Alilipiga gunia teke, akalimwaga buti sakafuni. Bosi akaokota kadi, akampita mama yake, akaiweka juu ya fomu ya mkaguzi. Bilauri ya maji.

"Kumbe anaomba," mkaguzi akasema.

"Anabahatisha."

"Na kadi zinakaa kwenye buti?"

"Tunaogopa panya."

Mkaguzi aliguna, akaondoa kiwiko. "Soma hapa, mama. Nilishaandika: tiba haimsaidii, isitishwe."

Mama Soli akampa mtoto maji kwanza, kisha akarudi na kuvuta kiti.

"Akiweza mnakata. Asipoweza mnakata. Sasa nyie huwa mnalipia nini?"

Mkaguzi akafunika kalamu.

"Basi futa, uandike ulichokiona. Bila kadi, meno. Akiwa na kadi, maji. Na kadi ni kumi na mbili tu. Dunia hii ina vitu kumi na viwili, kaka? Andika bado ana mengi ya kujifunza. Halafu unisomee kwa sauti."

Aliandika, akasoma. Mama Soli akamtaka atie saini pembeni ya kila mstari uliofutwa, akaipiga fomu picha mbele na nyuma.

Wiki mbili baadaye barua ikaja: miezi sita mingine.

"Hongera, dada!" fundi akapaza sauti sokoni, akipiga nyundo kwa furaha. "Umewaweza!"

Mama Soli alikuwa ameiinua barua juani, anaigeuza, anatafuta gundi mpya. Bosi ndiye aliyenyanyuka, akavuka hadi kwa fundi na kumkabidhi kadi: kelele zimezidi.