Mawe ya Shimo la Saba

Zamani watu walikuja Nyakitonto kuuliza chini ya kilima kuna nini, siku hizi wanakuja kuuliza mtandao unashika wapi. Ildefonce aliwaona wa aina zote mbili, na kati ya hao na hawa alikaa miaka thelathini na tisa akilinda banda la mawe.

Banda lilikuwa nyuma ya migomba yake. Mwaka 1985 trekta ilivuta mashine ya kuchoronga miamba mpaka mgongoni mwa kilima, na watu kumi na wanane wakapiga mahema. Hawakutafuta dhahabu. Mkuu wao, Bwana Hilali, mtaalamu wa miamba kutoka Ujiji, alipoulizwa na wazee anatafuta nini, alijibu kwamba anataka kujua kilima hiki kilianzaje. Wazee walicheka, kisha wakamwekea kiti. Siku hizo mtu mzima aliweza kusema jambo kama hilo mbele ya wenzake na bado akaheshimiwa. Leo ukisema hivyo, wataulizana kama umekula.

Ildefonce alikuwa na elimu ya darasa la nne na mikono mitulivu, kwa hiyo akapewa kazi ya kupokea mawe. Mashine ilizama ikatoa mwamba mviringo, mwembamba kama mchi. Yeye aliupangusa, akaulaza vipande kwa vipande kwenye sanduku refu la mbao, na kila baada ya mita tatu akaweka kibao chenye namba ya kina. Kusoma kwa kweli alijifunzia hapo, kwenye vibao na kwenye vitabu alivyoazimwa na Hilali.

"Hili jiwe lenyewe halina thamani," Hilali alimwambia siku moja. "Thamani ni mahali lilipotoka. Likihama nafasi yake, tumechimba bure."

Katika shimo la saba, mita mia nne na kumi na mbili, mwamba ulibadilika. Kijivu kilikatika ghafla, likaja jiwe jeusi, zito, lenye chembe za kijani. Hilali alilishika muda mrefu, akilielekeza juani. Wiki mbili baadaye ikaja barua kwamba utafiti umesitishwa. Mahema yakang'olewa. Hilali alimwachia Ildefonce ufunguo wa banda akamwambia kwamba asiporudi yeye, watakuja wengine, maana hakuna nchi inayoacha swali katikati.

Akangoja. Mchwa walipokula sanduku, alichonga jipya, akahamisha mawe moja moja kwa mpangilio uleule. Namba zilipofifia, aliziandika upya. Habari za kifo cha Hilali zilimfikia mwaka mzima baada ya mazishi. Majirani walimwita Mchunga Mawe. "Mzee, mwaka huu yamezaa mangapi?" walimtania wakipita kwenda shamba. Hakuwahi kumweleza mtu mawe yale yana kazi gani, hata mkewe, Odilia. Alimwambia tu asiyaguse, na Odilia alijua mumewe ni mtu wa kukataza.

Mwaka jana alikuwa Kibondo kwa binti yake Recho, amefanyiwa upasuaji wa ngiri, mtendaji wa kijiji alipompigia simu. Wageni wa utafiti wanakuja Alhamisi kuona mawe. Ildefonce aliomba nguo zake papo hapo.

"Baba, nyuzi hata hazijatolewa," alisema Recho.

"Zitanifuata."

Jumatano alasiri alishuka kwenye basi Kasulu, akapanda bodaboda mpaka nyumbani, akishikilia tumbo kila penye shimo. Odilia alimpokea njiani akicheka, na nyuma yake akina mama watano wa jumuiya ya kanisa, khanga zimelowa.

"Baba Recho, njoo uone kwanza, kukaa baadaye."

Walikuwa wametoa mawe yote nje. Waliyasugua kwa majani na mchanga, wakayaanika kwenye mikeka, wakayarudisha ndani na kuyapanga kwa rangi: meusi kwa meusi, ya kijivu kwa ya kijivu, yenye mistari pembeni kama mapambo. Sakafu ilikuwa imekandikwa upya. Hakujawahi kuwa na banda safi namna ile.

"Wageni watoke mjini wakute vumbi?" alisema Odilia. "Ungeniaibisha."

"Na vibao?"

"Vile vilivyooza? Tumechemshia chai."

Ildefonce alishika mwimo wa mlango. Wanawake wale walikuwa wamefanya kazi siku mbili kwa ajili yake. Angeanzia wapi kueleza, wakati alikuwa na miaka thelathini na tisa ya kueleza na hakufanya hivyo?

"Pamependeza," alisema.

Alhamisi wakaja wawili. Ghati, binti wa Tarime, mtaalamu wa miamba, na Japhet, dereva ambaye pia hurusha droni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Ghati aliingia bandani, akapiga hatua tatu, akasimama. Ildefonce aliona kwamba ameelewa. Odilia alikuwa mlangoni na sinia la karanga za kuchemsha.

"Babu, nani amepanga hivi?"

"Mimi. Niliona yanapendeza hivi."

"Mzee umetisha," alisema Japhet. "Hapa ni kuweka kiingilio tu."

Ghati hakucheka. Ildefonce aliinama kwa shida, akachukua jiwe jeusi lenye chembe za kijani. "Hili ni la shimo la saba. Mita mia nne na kumi na mbili. Nililipokea mwenyewe."

Ghati aliligeuza mkononi. "Nakuamini, babu. Lakini bila kibao siwezi kuliandika."

"Basi mtachoronga tena?"

"Siku hizi hatuchorongi mpaka tuwe na uhakika kuna kitu cha kuuza."

"Sisi tulichoronga ili tujue."

"Enzi zenu mlikuwa na muda, mzee," alisema Japhet, akatoka kurusha droni yake. Ilizunguka juu ya kilima dakika kumi, ikarudi, ikafungiwa kwenye begi. Wakala, wakashukuru, wakaondoka.

"Wamesemaje?" aliuliza Odilia.

"Wamesema ni pasafi."

"Unaona?" alisema, na siku nzima akawa anaimba jikoni. Ildefonce alikaa bandani peke yake.

Kesho yake alinunua daftari. Kwa wiki sita aliandika kwa kukumbuka shimo la saba, sanduku baada ya sanduku: wapi jiwe lilivunjika, wapi palikuwa na mshipa mweupe. Alikumbuka masanduku yote isipokuwa manne, kati ya mita mia tatu na mia tatu arobaini. Hapo kichwa kilikuwa kitupu. Angeweza kujaza tu, nani angejua?

Alitia daftari kwenye mfuko akaenda Kasulu. Mtendaji alikuwa amemwambia kwamba wageni wanamalizia kazi huko, na kweli alilikuta gari lao mbele ya mgahawa karibu na stendi. Dirishani aliwaona wakila chipsi, kompyuta iko katikati yao, na kwenye kioo chake ramani yenye rangi nyingi. Alifungua daftari akaangalia kurasa nne tupu. Kalamu ilikuwa mfukoni. Aliishika, akaanza kuandika namba ya kina, akaikata.

Alisimama pale mpaka wakatoka, daftari likiwa limerudi mfukoni: lenye pengo hakuweza kulitoa, na la kubuni hakutaka. Ghati alipita karibu naye, macho kwenye simu, Japhet akimwambia jambo lililomchekesha. Waliingia garini, wakashika njia ya Kigoma. Ndiyo mara ya mwisho kuwaona.