Marehemu Alipokosoa Plani ya Nyumba Yetu

Niliposti plani ya nyumba yangu kwenye WhatsApp niombe watu maoni. Jibu zuri kuliko yote lilitoka kwa mtu aliyekwisha kuliliwa matanga.

Naandika vile ilivyokuwa. Atakayecheka, acheke.

Naitwa Straton. Mimi ni seremala, mzaliwa wa Ngungu, lakini nakaa Kashuga tangu nilipomuoa Euphrasie. Huu ni mwaka wa tatu.

Nilimkuta na mtoto mmoja, Benita. Baba wa Benita aliitwa Barthélemy. Miaka minane iliyopita alikwenda Walikale kuchimba madini, ndani kabisa ya pori. Watu wenye silaha wakaja kushika ile karyeri, machimbo yenyewe, pamoja na wachimbaji wote waliokuwamo.

Baadaye ikafika habari kwamba amekufa. Maiti hakuna, kaburi hakuna. Familia yake ikangoja weee, mwisho ikafanya matanga na kumwachilia Euphrasie aolewe.

Parsele, kiwanja cha kujenga, walikuwa wameinunua wao wawili, Euphrasie na Barthélemy, mbele ya vita kuwakimbiza. Ilibaki majani miaka yote. Ni familia ya Barthélemy yenyewe iliyotuambia tujenge pale, ili mtoto akulie kwenye udongo wa baba yake.

Basi nikachora. Karatasi ya miraba, rula, kalamu ya risasi. Saloni ya kuketi, vyumba vitatu, jiko nyuma, choo kwenye kona ya chini.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu ya watu wa Kashuga, wale waliobaki na wale waliotawanyika mpaka Goma na Bukavu. Nikaandika: "Nyumba kwenye parsele ya Mama Benita. Toeni maoni, tunaanza msingi juma lijalo."

Watu unawajua. Mmoja akasema saloni ndogo, mashemeji watakaa juu ya nani? Mwingine akauliza kama hiyo ni nyumba ao kizimba cha sungura. Nikacheka peke yangu.

Kisha ikaingia namba nisiyoijua. Haina picha, haina jina.

"Chumba ya mutoto isiangalie barabara. Mulango ya jiko geuza kwa kilima, upepo ya pale inarudisha moshi ndani. Na pale umeweka choo, acha. Iko maji chini. Tulichimba, tukafukia."

Nikasoma. Nikarudia.

Tulichimba. Nani na nani?

Tulipokuwa tunakula, nikamuuliza Euphrasie, kama kwa kupita tu, ikiwa kuna mtu aliwahi kuchimba kwenye ile parsele. Akasema ndiyo, yeye na Barthélemy walianza choo. Maji yakawafikia magotini, wakafukia siku ileile. Nikamuuliza nani mwingine aliona.

"Hakuna. Tulikuwa siye wawili tu. Kesho yake njo tulikimbilia kambini."

Nikarudisha tonge la bugali kwenye sahani.

Kama Barthélemy ni mzima, mimi nimeoa bibi ya mtu. Mtoto anayeniita papa ni wake. Udongo ninaotaka kuujengea ni wake. Siku moja atatokea pale uani, na mimi nitashika randa na msumeno wangu nirudi Ngungu.

Euphrasie hakuwa na simu ya WhatsApp. Nikafuta ile plani kwenye grupu, nikamficha yote.

Ile namba nikaiandikia pembeni: "Wewe ni nani?"

Siku mbili kimya, kama kwa mtu aliye mahali pasipo na rezo ya simu. Siku ya tatu jibu likaja: "Mama Benita iko muzima? Mutoto anasoma?"

Sikujibu. Mbao moja niliipigia randa mara tatu, ikatoka imepinda. Fundi wa msingi, Papa Nzabandora, nikamdanganya kwamba mawe hayajatosha. Pikipiki ikisimama barabarani, mimi dirishani. Mtu akibisha hodi, namuuliza jina mara mbili mbele ya kufungua.

Na hofu nyingine ikaja juu ya ile. Kwetu huku watu wamekwisha kutekwa nyara kwa mesaje tamu kama hizo. Mtu anakuuliza habari za mtoto, kesho mtoto haonekani. Nikaanza kumpeleka Benita shuleni mwenyewe na kumrudisha mwenyewe. Akaniuliza kama amekosa kitu.

Jumapili ile, kanisani, wenzangu wamepiga magoti, nilimuomba Mungu Barthélemy awe amekufa kweli. Niliomba hivyo, na bibi yake amepiga magoti kando yangu.

Halafu ikaja hii: "Nitafika Kalembe siku ya soko. Kuja weye mwenyewe. Mama Benita usimuambie kwanza."

Nikamwambia Euphrasie nakwenda kutafuta mbao. Nikaficha patasi ndani ya koti, nikapanda moto, pikipiki ya abiria.

Bariere ya kwanza barabarani tulipita. Ya pili, vijana wenye bunduki wakaniambia nitoe vitu vyote mifukoni. Wakaikuta patasi. Mmoja akaigeuzageuza, akaniuliza nakwenda kumtoboa nani.

Nikasema mimi ni seremala. Akaniambia nionyeshe viganja. Akavipapasa kwa kidole, akaangalia sugu, akanirudishia. Motari akaondoka mbio, mimi bado sijakaa sawa nyuma yake.

Kalembe niliketi kwenye kibanda cha chakula, mgongo ukutani. Sura ya Barthélemy naijua kwa picha moja tu, Benita anaiweka ndani ya Biblia. Mtu mrefu, paji pana. Siku ile soko zima lilijaa watu warefu wenye mapaji mapana.

Aliyekuja kusimama mbele yangu alikuwa mfupi, anavuta mguu mmoja.

"Papa Straton? Naitwa Akilimali."

Sikumsalimia. Nikamuuliza: "Barthélemy iko wapi?"

Akakaa. Akaagiza maharagi.

Akanieleza polepole. Yeye na Barthélemy walishikwa pamoja. Wakachimbishwa kwa nguvu, miezi mingi. Kazi ikiisha, Barthélemy alikuwa anachukua kijiti na kuchora nyumba chini. Ileile kila jioni, kwenye ileile parsele. Aliwaonyesha pale maji yalipotoka, pale upepo unapopitia, kisha anaomba wenzake maoni. Huyu anaongeza dirisha, yule anasogeza ukuta.

"Tulikuwa tunaishi mule," Akilimali akasema. "Mimi chumba yangu ilikuwa ile ya wageni."

Siku Barthélemy alipokufa, haikuwa zamu yake kushuka shimoni. Zamu ilikuwa ya Akilimali, lakini Akilimali alikuwa na homa, hawezi kusimama. Barthélemy akashuka mahali pake. Udongo ukaporomoka. Walimfukua kwa mikono siku mbili, wakamzika wenyewe karibu na kijito.

Baadaye Akilimali alitoroka. Miaka yote hii yuko Walikale, anaogopa kufika Kashuga. Anamuogopa mwanamke mmoja tu, Mama Benita. Alipoona plani yangu kwenye grupu, alikoingizwa na mchimbaji mwenzake wa Kashuga, vidole viliandika mbele ya kichwa kufikiri.

Sasa niseme ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huruma. Ilikuwa furaha. Nilipumua kama mtu aliyetolewa majini.

Kisha nikamuona yule mtu analia juu ya sahani yake ya maharagi, na nikasikia haya mpaka masikioni.

Aliniomba nipeleke habari mimi peke yangu. Nikakataa. Nikamwambia huo mzigo siuwezi, tuubebe wawili.

Euphrasie tulimkuta uani anamenya viazi. Akilimali akabaki kwenye mlango wa ua, mguu hauingii. Mimi nikasema yote nikiwa nimesimama: mesaje, uongo wa mawe, uongo wa mbao, patasi, kifo. Alisikiliza na kisu mkononi. Nilikuwa namuogopa kuliko wale wa bariere.

Akampa Akilimali kiti. Akamuomba achore.

Akilimali akaokota kijiti, akachora. Milango, madirisha, chumba cha mtoto, jiko kwa kilima. Euphrasie akauzunguka mchoro, akasimama penye jiko.

"Hii nyumba haikukuwa ya Barthélemy," akasema. "Njo mimi nilimuchorea, kule kambini, juma ya mwisho mbele aende Walikale. Yeye alikuwa anataka jiko kwa barabara. Nikamukatalia."

Akanigeukia.

"Na weye, Straton, uliuliza grupu muzima. Mimi hukuniuliza."

Siku zote nilimuogopa maiti, kumbe mwenye plani alikuwa ananipikia.

Akilimali alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja lile swali lililomfungia Walikale miaka yote: kwa nini yeye na si weye. Euphrasie hakuliuliza.

"Asubuhi ile, alikuwa amekula?"

"Alikula, Mama. Viazi vitamu. Tuligawana."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Ndipo akalia.

Juma lililofuata tulimsomeshea Barthélemy misa. Papa Nzabandora akachimba msingi kufuata mstari wa Euphrasie, na leo manjanja, mabati ya paa, yako juu. Akilimali alikuja siku ya kuezeka. Benita alimfuata huku na huku, anamuuliza baba yake alikuwa anacheka namna gani.

Ninyi wenye mnajenga, maoni ni kitu kizuri. Lakini mbele ya kuuliza watu mia mbili, uliza kwanza yule atakayelala mule ndani na wewe. Hofu yako pia, mpelekee yeye kwanza. Mimi niliificha majuma mawili, ikanifanya muongo mbele ya bibi yangu na muombaji mbaya mbele ya Mungu.

Hii mnayosoma nimemsomea Euphrasie mbele ya kuiposti. Nilipofika pale Kalembe, pale niliposikia furaha, sauti ikapungua. Nikamuuliza kama niitoe.

Alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua macho.

"Iache," akasema. "Ata mie, uliponiambia kama amekufa kweli, kitu ya kwanza nilipumua. Kisha njo nililia."