Kopo la Kahawa Iliyovunda

Ukipita Igamba, kwetu Mbozi, msimu wa kahawa, karibu na mashine za kumenyea, utakutana na harufu ya maganda yaliyorundikwa yakaanza kuchacha. Wageni huziba pua. Mimi hushusha kioo cha gari nikaivuta yote, kwa sababu inanirudisha kwenye siku niliyomlipiza kisasi Mzee Haonga, na sitawadanganya, ndugu zangu: bado inanipa raha kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa. Mzee Haonga alikuwa jirani yetu na mzee wa kanisa, mtu wa koti jeusi hata jua likiwaka, aliyekohoa kabla ya kusema ili watu wanyamaze. Alitaka kupitisha mfereji wake katikati ya shamba letu. Baba alikuwa Tunduma akipakia malori, kwa hiyo aliyemkatalia ni mama. Wiki mbili baadaye mzee akaja nyumbani, eti kusalimia, akafunua chungu cha togwa ya bibi kilichokuwa na siku ya tatu jikoni. Togwa ya ulezi, inayonywewa hata na watoto, ikifika siku ya tatu huanza kutoa povu yenyewe, kila mtu Mbozi anajua. Mzee akainama, akanusa, akakohoa. Jumapili iliyofuata ikatangazwa kwamba mama ametengwa kwa kosa la kupika pombe.

Kutengwa, katika kanisa letu, maana yake ni kuketi benchi la nyuma kabisa, lile lisilo na egemeo, pale mlangoni kwenye upepo. Hushiriki meza ya Bwana, huimbi kwaya, na mtoto wako habatizwi. Hilo la mwisho ndilo lililotuumiza. Mdogo wangu Ezekia alikuwa na miezi minne na kifua kilichokoroma kutwa. Bibi aliamini kabisa kwamba mtoto akifa bila ubatizo hatamwona tena huko aendako, na alilia kila alipombeba. Mama hakulia. Alisema tu, "Mungu anaona," akaendelea kuchambua kahawa. Mimi niliona Mungu anachelewa.

Nikaamua kumsaidia. Kwenye pembe za tangi la kuoshea kahawa hubaki punje zilizonasa, zisizooshwa, zikavunda. Kila mkulima huziogopa, maana zikiingia chache tu kwenye gunia, gunia zima linanuka. Nilizichokoa kwa vidole siku nane, nikazijaza kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifukia ndani ya maganda. Kila nilipoongeza punje nilisali kwa dhati, nikimwomba Bwana azivundishe vizuri.

Ikaja Sikukuu ya Mavuno. Kila familia huleta ilichovuna, vikapu vinapangwa mbele ya madhabahu, na baada ya ibada vinanadiwa. Mzee Haonga alileta kapu lake tangu Jumamosi ili likae mbele ya yote. Ilikuwa kahawa safi mno, iliyooshwa na kuanikwa na mkewe, Mama Yona. Jumapili asubuhi na mapema sisi wasichana wa shule ya Jumapili tuliingia kupanga maua. Wenzangu walipotoka kuchota maji, nikamimina kopo langu lote katikati ya kapu lile, nikavuruga kwa mikono miwili, na juu nikafunika kwa kahawa nzuri.

Wakati wa mnada mwinjilisti alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, kama ilivyokuwa kawaida yake, ili awaonyeshe watu uzuri wa ndani. Akatoa konzi, akainusa, akarudi nyuma hatua mbili. Harufu ikawafikia kwaya, sauti ya kwanza wote wakaziba pua kwa vitabu vya nyimbo. Nikaliona koti jeusi likisimama. Nikaona jasho. Nilifurahi mpaka nikaziba mdomo nisicheke.

Mzee akakohoa. "Wapendwa, mimi kahawa siigusi. Aliyeiosha ni huyu mwanamke wangu. Amelidharau kanisa, na siwezi kumwonea huruma kwa sababu ni mke wangu. Naomba atengwe."

Hakuna aliyepinga. Nilisikia hata watu wakinong'ona kwamba mzee huyu ana haki kweli, hata wa nyumbani kwake hamfichi.

Mama Yona akainuka kati ya akina mama, akafunga vizuri kitenge chake, akaanza kutembea kwenda nyuma. Alipofika nilipokaa alinishika mkono kama anayenisalimia, akauinua karibu na uso wake. "Kanawe kwa majivu, mwanangu," akaninong'oneza. "Maji matupu hayatoshi." Nilidhani ananikemea uchafu, kama wakubwa wote walivyokuwa wakinikemea.

Kule nyuma mama akasogea, akatandika nusu ya kitenge chake, Mama Yona akaketi. Nilikasirika sana. Nilitaka mama acheke, au angalau asisogee.

Mama alifunguliwa ile adhabu kabla ya Krismasi na Ezekia akabatizwa. Mama Yona alikaa pale mpaka Pasaka.

Nilikuwa mama wa watoto wawili siku niliyoshinda nikiosha kahawa kwenye tangi lile lile, nikarudi jikoni na kuzamisha mikono kwenye majivu bila kufikiri. Nikabaki nimechuchumaa pale. Mama Yona aliijua ile harufu mkononi mwangu. Jioni ile ile nikaenda kwake.

"Shikamoo mama. Ulijua?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi kahawa yangu siijui?" Akacheka kidogo. "Ningekutaja, mzee angesema umetumwa na mama yako. Ezekia angebatizwa lini?"

Nilimwomba msamaha, akanipa papo hapo, pamoja na mkungu wa ndizi. Mzee Haonga alikuwa uani anaota jua la mwisho, na koti lake, akakohoa na kuuliza ni nani huyo. Nilimwamkia, akaitikia, nikaondoka.

Kusamehe nimefundishwa tangu utoto. Mfereji nimemsamehe, na togwa pia. Lakini kila nikiingia kanisani kwetu naliangalia lile benchi. Wamelikalia wanawake wawili niwapendao: mmoja aliwekwa na Mzee Haonga, wa pili nilimweka mimi. Mzee mwenyewe hajalikalia hata Jumapili moja.