Azoti Njiani Kwenda Masha

Saa kumi alasiri, Byamungu Léopold anasimamishwa kwenye kizuizi cha barabara itokayo Mbarara kwenda Masha. Nyuma ya pikipiki yake umefungwa mtungi wa alumini, na pembeni mwa mfuniko moshi mweupe unachuruzika kuelekea chini. Ni Agosti 2010, mwezi mmoja baada ya mabomu ya Kampala. Askari hawana mzaha na mzigo unaofuka.

"Wewe mzee, nini hii?" anauliza koplo, bunduki mkononi.

"Ni azoti, afande."

"Azoti ni kitu gani?"

Byamungu, mkimbizi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, anayeishi Kashojwa, kambini Nakivale, alisomea utabibu wa mifugo kwa Kifaransa. Anatafuta neno la Uganda. "Ninyi munaita naitrojeni."

Hapo ndipo anapoharibu. Askari wawili wanarudi nyuma. Juzi tu wamefundishwa kwamba ipo mbolea ya naitrojeni inayoweza kutengenezewa bomu.

"Weka chini! Mwaga yote!"

Hawezi kumwaga. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, na yenyewe haiwaki wala hailipuki. Ikipozwa mno hugeuka kimiminika, baridi kupita barafu yoyote, na humo mbegu za fahali hudumu miaka. Jina azoti lilitolewa katika Kigiriki, kwa maana ya "pasipo uhai", kwa kuwa mnyama akifungiwa ndani ya hewa hiyo peke yake hufa. Lakini mtungi huu ukimwagwa, kinachokufa ni hizo mbegu.

Huko Masha, Joanita Kyomuhendo anasubiri na ng'ombe wake mmoja. Ng'ombe huyo amepandishwa mara mbili, hakushika mimba. "Hii ya tatu ikishindwa, nampeleka kwa wachinjaji," Joanita alisema kwenye simu asubuhi. "Atakula majani ya bure mpaka lini?"

"Afande, humu ndani iko mbegu ya ng'ombe dume," Byamungu anasihi.

"Ng'ombe dume ndani ya jagi? Pembe ameacha wapi?"

Wenzake wanacheka, ila bunduki hazishuki.

"Mukimwaga, ng'ombe ya mama mumoja wa Masha inabaki bure. Iko na joto tangu asubuhi, inalia inatafuta dume."

Kicheko kinamkauka koplo. Naye ni mtoto wa wafugaji. "Ilianza kulia saa ngapi?"

"Alfajiri, mbele ya jua kutoka."

Koplo anatazama jua. "Na wewe unasimama hapa unaongea? Jioni ikipita, imepita! Enda, mzee, enda!"

Jua linazama Byamungu akivua glavu yake ndefu zizini. Joanita amemshika ng'ombe pembe.

"Dokita, imeshika?"

"Hatuyue bado, mama. Tungoje wiki tatu. Akirudi kulia, haikushika, unipigie."

Anafunga mtungi wake kwenye pikipiki, anatoa simu mfukoni na kuitazama.

"Batu bote banapenda simu yao ilie," anasema. "Mimi, hiyo wiki ya tatu, naomba ya kwangu inyamaze."