Mke Mwenza wa Gereji

Mtaani walimwita Mama Sindano kwa sababu mbili: alikuwa fundi wa nguo, na ulimi wake ulichoma. Mumewe aliendesha malori mpaka alipostaafu, na hata baada ya hapo watu waliendelea kumwita Dereva. Nyumba yao ilikuwa ndogo. Cherehani ilikaa kwenye dirisha la mbele, na nyuma, chini ya paa la bati, palikuwa na gereji yenye gari dogo la rangi ya maziwa, lenye umri mkubwa kuliko ndoa yao.

Gari hilo Mama Sindano alilipa jina la Mke Mwenza. "Waume wa wenzangu siku ya mapumziko wako sebuleni," aliwaambia wateja huku akiwapima kiuno. "Wangu yuko chini ya mke mwenza, miguu tu ndiyo iko nje." Wateja walicheka, naye alicheka nusu. Mashati mangapi mazuri yaligeuzwa matambara ya kufutia oili, yeye ndiye aliyejua. Tena alikuwa na leseni. Dereva mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, enzi za ujana wao, kwa lori la kazini. Lakini usukani wa lile gari dogo hakuwahi kumwachia hata siku moja.

Kisha Dereva akapatwa na kiharusi. Alikuwa ananyoa ndevu, wembe ukamponyoka, naye akaufuata chini. Hospitalini walimwokoa, ila mkono na mguu wa kulia vikawa kama vitu vya kuazima, na maneno yakamkimbia. Kuelewa alielewa kila kitu. Kusema ndiko kulikogoma. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akitazama ukuta.

Binti yao alikuwa muuguzi, na kila alipopata nafasi alikuja kumnyoosha viungo. "Mama, mtafutie Baba kitu cha kumtoa kwenye huo ukuta," alisema. "Mtu haponi kwa kukaa."

"Nimpe nini? Kusoma hataki. Redio nikiwasha, anazima."

Mvua za msimu mzima zilikuwa zimekwisha siku Mama Sindano alipoingia gereji kutafuta ndoo. Harufu ya mkojo wa panya ilimpokea mlangoni. Aliinua turubai. Kiti cha nyuma panya walikuwa wamekigeuza wodi ya wazazi. Tairi zilikuwa zimebonyea, na chini ya mlango kutu imevimba ndani ya rangi kama jipu. Miaka yote alikuwa amelitakia gari hilo mabaya. Sasa yamelipata, akajikuta amesimama na ndoo mkononi hajui afanye nini na huzuni yake.

Alirudi chumbani. "Mzee, mwenzangu anaumwa. Panya wamezalia ndani yake."

Dereva akageuza uso. Halafu akanyoosha mkono kutafuta fimbo yake.

Kutoka chumbani mpaka gereji ilikuwa safari. Alipofika aliegemea mlango, akahema, akatazama tairi. Midomo ikahangaika. "Je... je..."

"Jembe?"

Alipiga fimbo chini kwa hasira. "Jeki!"

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza lililonyooka tangu augue.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Dereva alikaa kwenye kreti la soda akionyesha kwa fimbo, na mkewe akafanya. Aliliinua gari kwa jeki, na alipotaka kuchungulia chini, fimbo ikamzuia kifuani. Kwanza magogo. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kumlaza mtu chini yake. Hilo alilieleza kwa kupiga fimbo kwenye gogo, kisha kwenye jeki, kisha kwa kujikata shingo kwa kidole. Magogo yakawekwa, uzito wa gari ukaondoka kwenye tairi. Betri ilitolewa ikawekwa mahali pakavu. Petroli ya zamani ilikuwa imechacha, inanuka kama vanishi. Wakaimwaga kwenye dumu, nje uwanjani, mbali na jiko. Panya walihamishwa kwa ufagio na matusi.

Kwenye nyaya Mama Sindano hakungoja kufundishwa. Kila waya alioufungua aliufunga uzi wa cherehani, na pale ulipotoka akafunga uzi wa rangi ileile. Dereva aliinama akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Yeye maisha yake yote alikuwa akikariri, na mara mbili aliwahi kuunguza fyuzi zote.

Kabureta nayo aliifungua juu ya kitambaa cheupe, akipanga vipande kwa mfuatano wa kutoka, kama anavyopanga vipande vya koti lililokatwa. Alivisafisha kwa brashi laini, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo, maana Dereva alimnyang'anya sindano alipotaka kuvichokoa nayo: kitundu kikipanuka, injini itakunywa petroli kama ngamia. Kisha akairudisha. Kwenye kitambaa kikabaki kispringi kimoja.

"Koti likibaki kipande, mteja anakosa mfuko," alisema. "Hiki kikibaki, tunakosa nini?"

Dereva alifikiri. "Mbio," alisema, na kwa mkono wake mzima akaonyesha gari linalokwenda na kwenda bila kupunguza kasi. Kisha akacheka. Kicheko kilitokea upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa kicheko. Kabureta ikafunguliwa upya.

Betri ilichajiwa ikarudishwa, petroli mpya ikatiwa, tairi zikajazwa upepo na magogo yakaondolewa. Siku injini ilipowaka, moshi ulijaa uwanja mzima na jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Mama Sindano aliruka kama msichana. "Twende, Mzee! Mpaka barabarani tu na kurudi!"

"Breki," alisema Dereva.

"Breki zina nini? Nimekanyaga, ziko ngumu."

"Hapana. Breki." Hakuwa na maneno ya kueleza kwamba mipira ndani ya pampu, ikikaa muda mrefu, hukauka, hushika leo na kesho ikakuacha. Alikuwa na hilo neno moja tu, akalirudia mpaka mkewe akachoka.

"Wewe na breki zako! Hata sasa hutaki nishike usukani wake?"

Asubuhi iliyofuata binti alikuja kumchukua baba yake kwenda kliniki. Mama Sindano alibaki, akawasha gari, akalitoa. Uwanja wao uliteremka kidogo kuelekea ukuta wa jirani. Alikanyaga breki, zikashika. Akakanyaga tena, na safari hii mguu ulizama mpaka chini kama umekanyaga uji. Gari lilipita katikati ya kamba ya nguo, likabeba mashuka mawili, na kusimama kwa kugonga ukuta. Yeye hakuumia. Taa moja ilipasuka na bampa likakunjika. Jirani alimkuta bado ameshika usukani, shuka limefunika kioo.

Dereva aliporudi kutoka kliniki alitazama, akaingia ndani, akarudi kwenye ukuta wake. Binti alikasirika zaidi. "Mama, ungekufa! Basi. Gari hili liondoke."

Shemeji, mdogo wake Dereva, hakukawia kuleta mnunuzi. "Shemeji, miaka yote umelilia hili gari likutoke," alisema kwa uchangamfu. "Leo limepata wa kulichukua."

"Mwulize mwenyewe."

"Si hawezi kusema?"

"Anaweza. Msubiri."

Wakasubiri. Mnunuzi alitazama viatu vyake. Dereva alihangaika na mdomo, akaacha, akainua fimbo, akamwelekezea mkewe. "Yeye," alisema. "La... lake."

 Mama Sindano alijifuta mikono kwenye gauni. "Basi haliuzwi," alisema. "Mpe mgeni soda, Shemeji. Amepoteza muda wake."

Safari hii walianza na breki. Alifungua pampu akaenda dukani na mipira ya zamani mkononi, maana Dereva hakuamini kununua kipuri kwa kukielezea kwa mdomo. Mipya aliisafisha kwa mafuta ya breki yenyewe. Petroli huvimbisha mpira. Tone lililomwagikia rangi aliliosha kwa maji papo hapo, kabla halijaila.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba, kazi isiyofanywa na mtu mmoja. Mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia, mwingine hufungua nati ndogo kwenye gurudumu, upepo utoke, aifunge kabla mguu haujaachia. Wakipishana, upepo hurudi. Dereva aliketishwa kwenye usukani, akatumia mguu wa kushoto. Mkewe alilala kando ya gurudumu la nyuma, lililo mbali zaidi na pampu.

"Kanyaga! Umeshika?"

Dereva alikanyaga, akaitikia kwa kichwa.

"Mzee, mimi sioni huo mguu wako! Sema!"

"Shi... shika."

Akafungua, mapovu yakatoka, akafunga. "Achia!"

"Achia."

Waliendelea hivyo, gurudumu hadi gurudumu. Kufikia la mwisho Dereva alikuwa anasema "shika" bila kukwama, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwafokea matingo wa lori.

Mkono wake wa kulia haukurudi, na hakuendesha tena. Wa kuendesha alikuwa mkewe. Mara ya kwanza walikwenda nyumbani kwa binti yao, polepole, na Dereva kwenye kiti cha abiria alisikiliza injini kwa mdomo uliokunjwa.

"Gia," alisema kwenye kona.

"Nimeiona."

"Klachi."

"Mzee, ukitaka kushuka sema, hapo mbele pana kivuli."

Dereva alikunjua mdomo. Kisha akainua mkono wa kushoto, akafungua kioo, akatoa kiwiko nje kama alivyofanya kwenye malori.

"Nenda," alisema.