Chupa Iliyongoja Watoto

Hebu piga picha: ni asubuhi katika chumba cha chanjo cha kliniki ya umma, Riruta. Mama kijana amempakata mtoto mchanga. Muuguzi ameshika chupa ya chanjo ya kifua kikuu, lakini haifungui.

"Mama, chupa hii ni ya watoto wengi, na nikiifungua lazima iishe leo. Bajeti imekatwa, ingine sijui italetwa lini. Rudi watoto wakiwa wengi."

"Sista, nikikosa kufika kazini tena watanifuta kazi!"

Mimi niliyeketi kando nikiwasikiliza, nilimleta kifungua mimba wangu papa hapa, enzi nilipokuwa nikifundisha. Muuguzi wa wakati huo alimfungulia chupa yeye peke yake huku akimwimbia, kisha dawa iliyobaki akaimwaga. Hatukujua kwamba huo ulikuwa utajiri.

Yule mama akatoa simu. "Jirani, leta huyo mtoto. Hata kama hujaoga, kuja hivyo hivyo!" Akampigia mwingine, na mwingine. Punde benchi likajaa akina mama wenye kandambili, wakitaniana kuhusu nywele zao. Muuguzi akacheka, akaifungua chupa.

Wewe unayepanga bajeti yetu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mtoto yule amechanjwa kwa sababu majirani walishika simu.